Fundi Aliyepima Gitaa Kama Shati

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kumsindikiza baba yetu, familia imeniomba mimi, mtoto wake wa kwanza, niwasomee maisha yake, nami kabla sijaanza nawaomba jambo moja, mkimwona mama yetu pale mbele akicheka mahali ambapo mimi sijafika, msimshangae, masikio yake hayasikii tena, ana nakala yake yenye herufi kubwa na anaifuata kwa kidole, na kama mjuavyo, mama hajawahi kumsubiri mtu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maghala ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, na kwa kuwa wawili waliomtangulia walikuwa wasichana, alivaa magauni yao mpaka alipofika miaka mitatu, jambo ambalo mwenyewe alisema ndilo lililomfanya awe fundi, maana aliujua mapema uchungu wa kuvaa nguo isiyokukaa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza darasa la saba mwaka 1965, akiwa wa kwanza kwa vipimo na wa mwisho kwa kuimba, na mwalimu wake wa nyimbo, ambaye alikuwa mtu mpole, alimweka mstari wa nyuma akamwambia afungue mdomo tu, sauti italetwa na wenzake.

Mwaka 1967 mjomba wake, fundi cherehani, alimchukua kazini, na tarehe 4 Machi 1974 marehemu alifungua chumba chake mwenyewe, chenye dirisha moja, kati ya kinyozi na fundi viatu, akakaa humo miaka arobaini na tisa bila kumchelewesha mteja, isipokuwa mmoja tu, ambaye nitamfikia. Mteja akijaribu nguo, marehemu alirudi nyuma hatua tatu, chaki sikioni, akauliza, "Imekaa?", na mteja akijibu imekaa hali yeye anaona haijakaa, aliivua na kuifumua pale pale, mteja akibaki na fulana, ndiyo maana wengi wenu mlimwita Fundi Imekaa na hamkuwahi kujua kama ana jina jingine.

Mwaka 1979 binti mmoja alileta gauni lipunguzwe kiuno, akawa anaimba wimbo mmoja polepole huku akisubiri, na gauni lilikuwa tayari siku ile ile, lakini marehemu alilikataa mara tatu, "Dada, bado halijakaa, rudi Alhamisi," mpaka mama wa yule binti akaja mwenyewe, akalitazama gauni, akamtazama na fundi, akasema, "Kijana, gauni limekaa, sasa na wewe kaa tuzungumze." Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1980, na siku hiyo marehemu alisimama mbele ya wageni akaahidi kwamba atampigia mkewe gitaa, wimbo ule ule, kabla mwaka haujaisha, ila alisahau kutaja ni mwaka upi.

Walijaliwa watoto wanne, mwaka 1981, 1984, 1988 na 1995, na wote tulipimwa kwa futikamba siku tuliyozaliwa, mabega na kiuno, na vipimo vyetu vimo katika daftari lake la kazi, baada ya suruali ya posta na kabla ya koti la mzee wa benki.

Mwezi Novemba 1998 daktari wa masikio alimwambia mama kwamba sikio la kulia limekwisha na la kushoto litalifuata taratibu, na baba alirudi nyumbani, akasimama sebuleni akiitazama meza ya kulia chakula, kwa sababu ahadi yake ilikuwa imefikisha miaka kumi na minane na sasa ilikuwa na siku ya kuchukuliwa, kama nguo ya mteja. Aliamua kutengeneza gitaa kwa mkono wake, tena la umeme, ili sikio likipungua sauti iongezwe, na baba yetu mdogo alipomwuliza, "Kaka, si ununue tu?", alijibu kwamba la dukani limeshonewa mtu ambaye hayupo.

Mbao ya meza ile ilikuwa ngumu na kavu, basi mama alipokwenda sokoni, baba alichora umbo la gitaa kwa chaki kwenye kona, akalikata kwa msumeno mwembamba bila kupoteza hata kipande, na meza ikabaki na pengo lenye kiuno. Mama aliporudi aliuliza, "Mume wangu, hii meza imeliwa na nini?", akajibiwa, "Ni kidogo tu, sogeeni upande wa pili," lakini tulikuwa sita, na aliyeangukiwa na zamu ya pengo alikula sahani ikiwa mapajani, na vikombe vilivyopita pale hatukuvihesabu.

Gitaa la umeme hunasa sauti ya nyuzi kwa sumaku iliyozungushiwa waya, basi sumaku aliitoa ile yake ya kuokotea pini, na waya mwembamba wa shaba aliutoa kwenye mota ya feni iliyokufa, akauzungusha kwenye kile kigurudumu cha cherehani kinachojaza uzi kwenye bobini, maelfu ya mizunguko, akihesabu kwa mdomo, na kila mteja aliyeingia na kusalimia hesabu ilipotea akaanza upya, mpaka kinyozi jirani, Mungu ambariki, akaacha kichwa cha mtu katikati, akasimama mlangoni akiwazuia watu, "Subirini kidogo jamani, fundi yuko elfu nne na mia mbili."

Kosa lilitokea shingoni. Vile vyuma vyembamba vinavyolala shingoni mwa gitaa, mahali vidole vinapobonyeza, baba alivipima kama vifungo vya shati, nafasi sawa kutoka juu mpaka chini, na tarehe 14 Juni 2005, ndoa ikitimiza miaka ishirini na mitano, alivaa suti aliyoishona mwenyewe, akachomeka waya kwenye spika, akapiga. Gitaa lilipendeza kulitazama, lakini wimbo ulitoka kama watu watano wanaogombania mlango mmoja, wageni wote wakaangalia viatu vyao, pini mbili za dukani zikiwa bado zimeng'ang'ania kwenye ile sumaku, na alipomaliza, mama peke yake alisimama akapiga makofi kwa nguvu, akasema, "Zuri sana, baba watoto!"

Mwalimu wa muziki wa shule ya jirani, aliyekuwa akimfundisha kupiga kwa gitaa la shule, alimvuta pembeni.

"Fundi, vyuma vyako vimelingana."

"Asante, mwalimu."

"Sikusifu. Vinatakiwa visogeleane kadiri vinavyoshuka."

"Shati gani hilo lenye vifungo vinavyosogeleana?"

"Si shati, fundi!"

Baba aliipitisha chaki shingoni kutoka juu mpaka chini, akasema, "Kumbe ni suruali, inabana kadiri inavyoshuka," na kesho yake akaanza kung'oa vyuma vyote ishirini na kimoja. Sisi wanawe tulimsihi aache, tukamwambia mama hasikii vizuri, amefurahi, yamekwisha, gitaa likae ukutani liwe pambo, lakini akachonga shingo nyingine kutoka mguu wa meza ile ile, nayo meza ikaegemezwa dirishani, na kazi hiyo ilichukua miaka minne, sikio la kushoto la mama likizidi kufifia, baba akizidi kukonda.

Tarehe 20 Septemba 2009, Jumapili, saa nne asubuhi, alipiga tena, spika ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho na vioo vya dirisha vikitetemeka, na safari hii mama hakupiga makofi, aliimba, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, bila kupotea hata mahali pamoja, na baba, kwa mara ya kwanza tangu darasa la saba, alifungua mdomo tu. Tangu siku hiyo alipiga kila Jumapili saa nne, na sikio la kushoto lilipoziba kabisa mwaka 2016, mama aliweka kiganja kwenye ubao wa gitaa, akawa anaimba kwa kiganja.

Mwezi Machi 2023 miguu ya marehemu ilianza kuvimba, madaktari wakagundua kwamba moyo umechoka, akalazwa mara nne, na kila mara aliomba sindano isiyokuwa ya dawa, kwa sababu mkono wa kushoto wa sare ya muuguzi wa zamu ulikuwa mrefu kuliko wa kulia na alisema hawezi kupona akiutazama. Alifariki tarehe 30 Januari 2024, saa tatu asubuhi, mama akiwa ameushika mkono wake, sare ya muuguzi ikiwa imekaa.

Juzi mdogo wetu wa mwisho, aliyeandika karatasi hii, alimwandikia mama swali, kama kweli siku ile ya mwaka 2005 hakusikia, na mama akajibu kwa sauti iliyofika kwa kinyozi, "Nilisikia! Lilikuwa linalia kama bati! Lakini wote mlikuwa mmeinama, ningemwacha peke yake?" Kisha akashusha sauti, kwa kadiri anavyoweza, akasema marehemu hakujua kamwe kwamba alisikia, na ameruhusu mjue ninyi leo.

Mama, kinachofuata hatukukuonyesha kabla ya leo. Jana tulifungua daftari la kazi tutafute vipimo vyako, ili ushonewe gauni hili ulilovaa, tukaukuta ukurasa wako, kifua, kiuno, urefu, na chini yake, kwa penseli, mwandiko wa baba, tarehe 14 Juni 2005, "Kapiga makofi peke yake. Kasikia. Lirudiwe."

Hapa imeandikwa msomaji anyamaze, mpaka kidole cha mama kiinuke.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule aliyekubali kuvua sare yake ili ishonwe, inamshukuru kinyozi kwa kulinda mlango, mwalimu wa muziki kwa kusema ukweli pembeni na si hadharani, fundi viatu, na mafundi wenzake waliogawana nguo zilizobaki ili hata wiki hii mteja asicheleweshwe, na inawashukuru majirani wa ukuta mmoja, ambao kwa miaka kumi na minne ya Jumapili walibisha hodi mara moja tu, nayo ilikuwa kuuliza kwa nini leo kimya.

Meza haitatengenezwa. Baba, tumerudi nyuma hatua tatu, tumekutazama vizuri. Imekaa. Pumzika kwa amani.