Kiti cha Bi Mkasi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Wiki hii ametutoka fundi cherehani wa mtaa wetu. Tulimwita Bi Mkasi, kwa jinsi alivyokata kitambaa, na kwa jinsi alivyokata watu maneno.

Bi Mkasi alikuwa na vyerehani sita. Hakuwa na mtoto. Dada yake, mlango wa pili, alikuwa na watoto tisa na hakuwa na kazi ya kuwapa. Shikeni hilo: huku vyerehani, kule watoto. Kila mmoja alikitamani cha mwenzake, na hakuna aliyekubali kusema.

"Dada, hiyo midomo tisa utailisha nini?"

"Wewe hesabu midomo. Mimi nahesabu mikono."

Watoto wale walishinda kwa mama yao mdogo. Walifagia vipande, walishona vifungo. Cherehani hawakugusa. Binti mkubwa anakumbuka: "Nikisogea tu, mama mdogo anafoka, 'Toka hapo, utanivunjia sindano!'" Sindano ilikuwa kisingizio. Ulikuwa wivu. Hakutaka dada yake awe na watoto, na ufundi wake pia.

Basi mtaa ukajaa watoto, shule mpya ikafunguliwa. Mwalimu mkuu akaleta oda ya sare za shule nzima. Vyerehani sita, mshonaji mmoja! Masomo yalianza nusu ya wanafunzi wakiwa na nguo za nyumbani. Oda iliyofuata ilipelekwa mji mwingine, na pesa yetu ikaenda nayo.

Mimi nilisoma shule ya jioni, nikiwa na ndevu zangu, na uchumi nilifaulu. Nawaambieni: wingi wa watu peke yake hautajirishi nchi, wala hauifukarishi. Ulizeni umri wao. Ulizeni afya yao. Ulizeni wanajua kufanya nini.

Dada mtu hakusoma hayo. Aliingia karakana, mikono kiunoni. "Viti vitano vitupu humu ndani. Wanangu watano wamekaa barazani. Mdogo wangu, unamkomoa nani?"

Bi Mkasi akavuta kiti kimoja. Kisha akamwita binti mkubwa. "Kaa. Miguu hapa. Na ukivunja sindano, nyingine ipo."

Wadogo zake wanne wakamfuata, na baada ya miaka miwili sare zilirudi kushonwa mtaani kwetu. Wale watano wakawasomesha wadogo zao wanne.

Mazishini binti mkubwa alisimama. "Leo tumemzika mama."

"Mama mdogo," dada mtu akamsahihisha, safu ya nyuma ikasikia.

Binti akamtazama. "Mama," akarudia.

Wasikilizaji wapendwa, leo jiulizeni: ufundi mlio nao mmemnyima nani, na kwa wivu gani?

Poleni sana, wanafamilia. Pole ya pekee kwa dada mtu. Naambiwa tangu jana amekalia kiti cha mdogo wake. Kushona hajui, na kuinuka hataki.