Mama Twende, Aliyewatembeza Majaji

Waheshimiwa majaji na wajumbe wa mabaraza, majirani, marafiki, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imenipa mimi, kitinda mimba wa nyumba hii, kazi ya kusoma maisha ya dada yetu mkubwa, si kwa sababu najua kusoma kuliko wenzangu, bali kwa sababu wanasema nina sauti kubwa na machozi ya mbali, na hilo la pili likigeuka uongo kabla sijafika mwisho, mtanivumilia.

Dada yetu alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, ambako marehemu baba yetu alikuwa karani wa tiketi na marehemu mama yetu alikuwa fundi cherehani, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, wasichana wawili na wavulana watatu, na wanne tuliobaki tuko hapa mbele yenu. Baba alikuwa na desturi yake ambayo sijaiona nyumba nyingine, kwamba watoto wakigombana hakuchapa mtu wala hakuuliza nani kaanza, aliwashika mikono wale wagomvi wawili, mmoja huku na mmoja huku, akawatembeza kutoka mwisho mmoja wa stesheni hadi mwisho wa pili, pale abiria wanaposubiri treni, tena na tena, kimya kimya, na mkirudi nyumbani mlikuwa mmeshasemezana, au mmechoka tu, lakini kwa vyovyote mama alishona kwa amani. Dada yetu ndiye aliyetembezwa zaidi, kwa kuwa alikuwa na mdomo, na ndiye aliyejifunza zaidi.

Alianza masomo mwaka 1971 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1977, akachaguliwa kuingia sekondari ya bweni ya wasichana alikosoma kuanzia mwaka 1978 hadi 1983, na huko akawa kiranja wa bweni, kazi ambayo wengine waliifanya kwa filimbi na yeye aliifanya kwa miguu, maana wasichana wakikorofishana aliwatoa nje akawazungusha uwanja mpaka kengele ya chakula. Mwaka 1984 alijiunga na chuo kikuu kusomea utawala na utumishi, akahitimu mwaka 1987, na baba yetu, ambaye maisha yake yote alikatia watu tiketi za kwenda mbali na yeye hakwenda popote, alipanda treni siku hiyo kwa mara ya kwanza akiwa abiria, amevaa tai, akamkosoa karani mwenzake njiani kwa namna alivyotoboa tiketi.

Kazi yake ya kwanza, kuanzia tarehe 1 Septemba 1987, ilikuwa ya afisa utumishi katika idara ya maji, na hapo ndipo alipokutana na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu aliyekuja kulalamika kwamba shule haina maji, akarudi kulalamika tena baada ya maji kutoka, na akaendelea kulalamika hadi idara nzima ikaelewa kiini cha shida yake. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988. Shemeji hupenda kusimulia kwamba alipomwomba uchumba, dada hakujibu ndiyo wala hapana, alisema tu, "Twende," wakazunguka mtaa mzima mara mbili, na mzunguko wa tatu ulipoanza, mwalimu akidhani amekataliwa kistaarabu, ndipo alipoambiwa, "Mimi nakubali, nilikuwa nasubiri nione kama utalalamika." Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1990, ambaye ni mfamasia, na mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 1993, ambaye ni mwalimu kama baba yake, na analalamika kama baba yake.

Tarehe 2 Mei 1994 alihamia mahakamani, na huko ndiko alikokaa hadi mwisho, kwanza akiwa afisa utumishi, na kuanzia mwaka 2003 akiwa mshauri wa rasilimali watu kwa majaji, mahakimu na wajumbe wa mabaraza ya ardhi, ya kazi na ya kodi. Wengi mmekuwa mkituuliza kama dada yetu alikuwa hakimu, na jibu ni hapana, hakuwahi kuamua kesi wala kumgusia jaji neno kuhusu kesi, kwani huo kwake ulikuwa mwiko, lakini jaji naye ni mtu, anaumwa, anafiwa, anahamishwa, anastaafu, anakorofishana na karani wake, na mambo hayo yote hayamo katika vitabu vya sheria, yalikuwa mezani kwa dada yetu. Alikuwa akituambia kwamba hakuna watu wagumu kushauriwa kama watu waliozoea kuamua, kwani ukimweleza jaji jambo akiwa kwenye kiti chake, anakusikiliza vizuri sana, anakushukuru, halafu anasema atatoa uamuzi siku nyingine. Jaji mmoja mpya aliombwa aseme tu anataka likizo mwezi gani, akaleta kurasa kumi na mbili zenye hoja za upande wa kutaka likizo na hoja za upande wa kuipinga, na mwishoni akajinyima.

Kwa hiyo dada yetu alirudi kwenye shule ya baba. Aligonga mlango wa jaji, akasimama pale pale mlangoni, akasema, "Mheshimiwa, twende," na wakazunguka jengo la mahakama kwa nje, wakapita nyuma ya masjala, mbele ya mahabusu, kando ya tangi la maji, wakarudi kwa mlango mkubwa, kwa sababu, alisema, jaji akikaa anahukumu, akitembea anasikiliza. Hivyo ndivyo alivyomaliza ugomvi wa wenyeviti wawili wa mabaraza waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya sehemu moja ya kuegesha gari yenye kivuli, akawatembeza wote wawili juani, saa saba mchana, mpaka wakaomba wenyewe sehemu ile wapewe makarani waweke baiskeli zao. Jina la Mama Twende lilianzia kwa makarani hao, na yaliyosemwa katika matembezi hayo hakuyarudia kwa mtu, hata kwa shemeji, na sisi ndugu zake tulipomchokoza alituuliza kama sisi ni majaji.

Jambo moja tu tunaruhusiwa kulisema, kwa kuwa jaji linalomhusu ametupa ruhusa juzi, akiwa ameketi nasi sebuleni, na yuko hapa leo. Mwezi Februari mwaka 2011 jaji huyu alifiwa na mkewe, na wiki iliyofuata alikuwa kortini, maana aliona kuomba likizo ni kushindwa, akawa anaahirisha kesi moja baada ya nyingine, anasoma ukurasa ule ule, anawafokea mawakili, hadi malalamiko yakawa mengi na hatua za nidhamu zikaanza kuzungumzwa. Dada yetu akaenda mlangoni kwake, wakatoka. Mzunguko wa kwanza mheshimiwa alitetea kazi yake kwa vifungu vya sheria, mzunguko wa pili akarudia vifungu vile vile, na mzunguko wa tatu, walipofika kwenye tangi la maji, alilia kwa mara ya kwanza tangu msiba, na dada akasimama mbele yake kumkinga asionekane na watu wa madirishani, akamwambia, "Mheshimiwa, faili halifi. Mtu ndiye anayekufa. Nenda nyumbani." Alimpangia likizo ya miezi mitatu, akatafuta jaji wa kushika nafasi yake, akamtafutia na mtaalamu wa kuzungumza naye, na mheshimiwa akarudi, akahudumu hadi alipostaafu kwa heshima mwaka 2018.

Ndugu waombolezaji, wahenga walisema mganga hajigangi. Mwezi Agosti mwaka 2021 dada yetu alianza kusikia maumivu ya tumbo, akapimwa, akaonekana ana saratani, na daktari akamweleza bila kuficha kwamba matibabu yatampa muda, ila si muda mrefu, na kwamba ingefaa aache kazi. Alimshukuru daktari, akarudi ofisini. Alikuwa na sababu, dada hakukosa sababu hata siku moja, mara baraza jipya linaanza na wajumbe hawajapatikana, mara kuna mahakimu wanahamishwa wenye watoto wa shule, na yeye aliyewapeleka likizo watu wazima wenye majoho, likizo zake mwenyewe zilikuwa zimelala miaka na miaka. Shemeji alimsihi, mtoto wake wa kiume alimsihi, mimi nilikwenda na sauti yangu yote nikarudi nayo. Aliyeumia zaidi ni binti yake, kwani alikuwa na mimba, baada ya kungoja mtoto kwa miaka saba, na kila asubuhi alimwona mama yake akishikilia ukuta kuvaa viatu vya kazini, akaniambia, "Mjomba, mama atafia kwenye meza ya watu, mwanangu hatamjua." Hofu hiyo ilikuwa ya nyumba nzima.

Binti hakuniambia alichofanya baadaye. Alimtafuta yule jaji mstaafu kwa simu, akamwambia, "Baba, mimi ni mtoto wa Mama Twende, naomba msaada." Tarehe 25 Novemba 2021, saa nne asubuhi, mzee akaingia jengo la mahakama na mkongojo wake, akapita masjala ambako makarani wote walisimama, akafika mlango wa dada yetu, hakuingia, akasema kutoka pale pale mlangoni, "Mama, twende." Makarani wanasema dada alicheka hadi akashika tumbo lake lenye maumivu, akasema, "Mheshimiwa, hiyo ni kazi yangu, unaniibia," lakini alisimama, akachukua sweta lake, wakatoka. Walizunguka mara moja tu, na kwa muda mrefu sana, kwa kuwa mmoja alikuwa na mkongojo na mwingine alikuwa ameshika mkono wa mwenye mkongojo, na walipofika kwenye tangi la maji walisimama, na safari hii mzee ndiye aliyesimama mbele, akiyapa madirisha mgongo. Anasema alimrudishia maneno yake mwenyewe, hakuongeza hata moja. Waliporudi, dada alimkabidhi mwenzake funguo za kabati, akazima taa ya ofisi, akaja nyumbani.

Tukapewa karibu miezi kumi na moja. Ndugu zangu, mimi si mtu wa kulalamikia kidogo alichopewa, nataka nishukuru. Tarehe 3 Februari 2022 binti alijifungua mtoto wa kike, na bibi yake ndiye aliyempokea getini, akamsema kwamba amechelewa, akamtembeza uani kutoka kwenye kamba ya nguo hadi kwenye geti na kurudi, kila jioni aliyokuwa na nguvu, na alipoishiwa nguvu tulimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, mtoto mapajani, na ole wako usukume upesi. Kwa zamu alituchukua na sisi, mume, watoto, wadogo zake, mmoja mmoja. Aliniambia mimi mambo tuliyokuwa hatujaambiana tangu utoto, na mimi nikamwambia yangu, na msiniulize, ya uani yanabaki uani. Alifariki dunia tarehe 19 Oktoba 2022, siku ya Jumatano, saa kumi na moja jioni, kitandani kwake, shemeji akiwa amemshika mkono na mjukuu akiwa amelala miguuni pake. Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, wadogo zake wanne, na jengo zima la watu ambao leo hawajui nani atawagongea mlango.

Kwa niaba ya familia, namshukuru daktari aliyemweleza ukweli na wauguzi waliomwosha kama mama yao, nawashukuru majirani ambao kwa miezi hiyo hawakupika chungu kisichotufikia, nawashukuru viongozi na wafanyakazi wenzake wa mahakama na mabaraza, makarani, madereva na walinzi, na namshukuru kwa namna ya pekee mheshimiwa yule mwenye mkongojo, ambaye alituletea dada yetu nyumbani wakati sisi wenye damu moja naye tulikuwa tumeshindwa, mjukuu wetu akikua tutamwambia.

Dada aliacha ombi moja. Kutoka hapa hadi makaburini si mbali, na ameomba asipandishwe gari, abebwe, na sote twende kwa miguu, na kila mmoja wetu amtafute mtu ambaye hawajasemezana siku nyingi, atembee naye, asimuulize nani alianza. Naona wengine mmeanza kutazama chini. Yeye aliwafahamu, ndiyo maana aliomba, kwa hiyo simameni taratibu mtafutane, tutatembea kwa mwendo wa mheshimiwa, hakuna haraka.

Dada, maisha yako yote ulisimama mlangoni ukatungoja, leo usingoje, tangulia tu, sisi tunakuja nyuma yako wawili wawili, nawe sasa upumzike kwa amani.