Mashine Imemkana Soli

Benchi letu liko nje ya duka langu la fotokopi, na nisikufiche, limenichosha. Wateja hawapiti mlangoni kwa sababu ya miguu ya watu wasio na hata karatasi moja ya kutoa nakala. Mwisho kabisa, karibu na birika la Shangazi muuza kahawa, hukaa Redio. Huyo habari haijampita tangu azaliwe, na nusu ya habari zake huwa za kweli. Anayemfuata ni Karani, aliyefanya kazi ofisi ya soko miaka ishirini na sita, mpaka mashine ilipoletwa akaambiwa akapumzike. Ukutani hukaa Profesa, na yeye si profesa wa kupachikwa jina: anafundisha chuo kweli, na zamani walikuwa wakimwita redioni kila wiki aeleze siasa, utamaduni, biashara, na hizi teknolojia na nani azichunge. Nafasi iliyobaki ni ya Soli, fundi viatu, ambaye huja jioni akishafunga kazi. Siku ile alikuja saa nane na nusu mchana.

Alikaa bila salamu, viganja vikiangalia juu.

Soli: Imenikataa.

Shangazi: Nani tena, jamani?

Soli: Mashine ya ofisi ya soko. Nimeweka kidole gumba, nimeweka cha shahada, nimeweka vyote kumi. Inaandika, "Hatambuliki." Mara ya tisa ikajifunga. Na uandikishaji wa wenye meza unakwisha leo saa kumi.

Redio: Si unawe mikono, bwana!

Soli: Nimenawa kwa sabuni, nimenawa kwa mafuta ya taa. Unadhani mimi mtoto?

Nilimshika mkono nikautazama. Miaka thelathini na moja ya gundi, msasa na uzi wa nta imemla vidole. Ncha zake zinang'aa, hazina hata mstari mmoja. Meza yake iko getini mwa soko, na kila mtu hupita hapo akitoka na kuingia. Asiyeandikishwa leo, meza yake wanapewa wengine. Binti yake wa mwisho bado yuko shuleni, na Soli hana kazi nyingine anayoijua.

Karani: Enzi zangu ungeingia tu. Ningekutazama usoni, ningeandika: Soli, yupo. Kwisha.

Soli: Ungeandika nikishakutilia soli mpya bure.

Karani: Soli moja kwa mwaka! Mkono mtupu haulambwi.

Redio: Nyie hamjui kitu. Hii ni siasa. Meza ya getini anaitaka shemeji wa mtu. Mashine imeelekezwa: ukimwona Soli, jifanye humjui.

Shangazi: Mashine itajifanyaje?

Redio: Shangazi, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Shangazi: Imeingiaje hapo?

Redio: Imeingia. Fikiria.

Profesa alikohoa. Akikohoa hivyo, jua mhadhara umeanza, na mimi huwa natamani kufunga duka.

Profesa: Tatizo si shemeji. Tatizo ni biashara yenyewe. Tumenunua kufuli, ufunguo ukabaki kwa aliyetuuzia. Mashine ikikosea hapa, wa kuirekebisha yuko ng'ambo, na mkataba wetu unasema tusiiguse. Halafu kuna utamaduni. Sisi mtu hutambuliwa na watu. Jirani anakujua, fundi mwenzio anakujua. Leo tunamsimamisha mtu peke yake mbele ya kioo chenye taa nyekundu, tunamwambia, thibitisha kuwa upo. Kwa hiyo, usimamizi wa teknolojia...

Soli: Profesa, umebaki muda wa saa moja.

Profesa: Najua.

Soli: Basi nisaidie, usinifundishe.

Redio: Mimi namwambia ukweli. Soli, vidole vyako vimeshauzwa. Wanavikusanya kwenye zile mashine, wanavipeleka huko nje. Sasa hivi kuna mtu amevivaa, anafungulia mabenki.

Karani: Vya Soli? Vinanuka gundi!

Redio: Cheka. Nakwambia, huko kwao kuna Soli mzima wametengeneza. Ana meza, ana nyundo. Mashine inamtambua yule. Huyu wetu ndiye imeona ni nakala.

Mimi: Wa nakala hapa ni mimi, Redio, na sijamtoa huyu.

Tulicheka, hata Soli alicheka kidogo. Naona haya kusema tulicheka, maana ilikuwa saa tisa na robo, na hakuna aliyeinuka kwenda naye popote.

Kisha Soli akamgeukia Profesa.

Soli: Hivi wewe si ulikuwa kwenye ile kamati? Iliyoleta mashine?

Profesa akaomba kahawa nyingine, na kikombe chake kilikuwa bado kimejaa.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Ripoti ya kamati ile niliifunga mimi mwenyewe, kurasa mia mbili na kumi na nne, jalada la kijani, nakala sitini. Moja jalada lake lilitoka upande, wakaikataa, nikaiweka rafu ya juu. Kwa miaka mitatu hakuna aliyeuliza habari zake. Nikaingia ndani nikaileta.

Mimi: Ukurasa wa themanini na tisa. "Pendekezo la saba. Makarani waondolewe kabisa katika kuwatambua wafanyabiashara, ili kuziba mianya ya rushwa."

Karani: Kumbe ni wewe! Tunakunywa kahawa birika moja miaka mitatu, kumbe ni wewe uliyenifukuza!

Profesa: Soma maelezo ya chini ya ukurasa.

Mimi: "Chanzo: mahojiano na wananchi, benchi la nje ya duka la fotokopi."

Tukatazamana. Nilifunua kurasa za mwisho, orodha ya waliohojiwa. Saini ya Redio, ndefu kama ya waziri. Alama ya Shangazi. Saini yangu. Na ya Soli, safi kabisa, kwa kalamu ya bluu.

Profesa: Niliwauliza mnataka nini. Redio alisema, "Mashine haina shemeji." Nikaipenda, nikaifanya kichwa cha sura ya tano. Shangazi alisema mashine haiombi kahawa ya bure. Na wewe Soli...

Soli: Nilisema makarani wang'olewe wote.

Profesa: Ulisema hivyo.

Soli: Nilisema. Nilikuwa nimetoka kumtilia huyu soli.

Karani: Moja kwa mwaka!

Shangazi: Nyamaza wewe.

Profesa alivua miwani. Sijawahi kumwona mtu msomi akiwa mdogo namna ile.

Profesa: Miaka ishirini nimepiga kelele redioni kwamba wakubwa hawawasikilizi wananchi. Nikaandika vitabu. Nikagombana na watu. Mara moja tu nikapewa kalamu, nikawasikiliza, nikaandika mlivyosema. Na mara hiyo moja wakubwa nao wakanisikiliza mimi. Kila nilichojua nilikitia humo. Sijui tena nifundishe nini kesho, wallahi.

Redio: Usikate tamaa, Profesa. Samaki mkunje angali mbichi.

Shangazi: Redio, leo naomba unyamaze na wewe.

Saa kumi ilipogonga, simu ya Soli ikalia. Alisoma polepole, midomo ikicheza, halafu akanipa mimi niwasomee wenzake.

Mimi: "Ndugu mfanyabiashara, nafasi yako imefungwa kwa kutojitokeza."

Soli: Kutojitokeza? Nimejitokeza mara tisa! Mara tisa, kwa vidole kumi!

Akaanza kulia, mtu mzima, waziwazi, barabarani. Shangazi alimfunika kichwa kwa kanga yake kama mwanawe. Mimi niliumia, tena nilijichukia, kwa sababu siku ya kutia saini nilicheka sana na nilimwambia Profesa aandike kwa herufi kubwa.

Tulikuwa hivyo alipokuja mama mmoja tusiyemjua. Amebeba beseni tupu, mikono imenywea na kuwa myeupe kama ya mtu aliyetoka kuoga muda mrefu.

Mama: Hodi hapa. Mlinzi wa soko kanielekeza. Kasema hapa hukaa profesa aliyeandika habari za ile mashine.

Profesa: Ndiye mimi, dada.

Mama: Sijaja kugombana, baba. Mimi nafua nguo za watu. Sabuni imenila vidole, mashine imenikataa. Nina swali moja tu. Ikishakukataa, unamwendea nani?

Karani aliinamia viatu vyake. Profesa alichukua ripoti mikononi mwangu, akafungua yaliyomo, akashusha kidole sura kwa sura. Akaenda ukurasa wa themanini na tisa, akaenda wa mia na hamsini. Akaenda viambatisho. Alipofika jalada la nyuma bila kuliona jibu, aliirudisha mwanzo akaanza upya.

Mama: Usijali, baba. Litafute taratibu. Nitangoja.

Akaweka beseni chini, akamwomba Soli asogee kidogo. Soli akasogea, na yule mama akakaa.