Mashine ya Kumtazama Mjukuu

Alasiri ile ya mwaka wa sitini na nane, kahawa ilizunguka kama kawaida kwenye baraza ya Kamaludin, mshona kofia wa mtaa wa Kuze, lakini mwenyewe sindano hata hakuigusa. Bintiye Mwanakuu, aliyeko Uingereza na mumewe, alikuwa amepiga simu kwenye duka la mjombake, Biashara Street. Mtoto wake mchanga anapumua kwa taabu, huenda kilango kimoja cha moyo hakifungi. Madaktari wana mashine ya sauti ya kumtazama ndani. Magharibi atapiga tena, apate ridhaa ya Kamaludin, babake.

— Kweli haipasui? aliuliza Kamaludin.

— Haipasui, yakhe! akajibu Jaffar Redio, mwenye habari za dunia nzima kabla hazijatokea. — Inaupigia moyo kelele, moyo unaitika.

— Unaitika kwa Kizungu? akatania mmoja wa wanywaji kahawa.

— Msicheke, akasema Ngumbao Winchi, mtu wa bandarini. — Meli zina chombo hicho. Kinatuma sauti chini, ikigonga mwamba inarudi, nahodha anajua kina.

— Mjukuu wangu si meli!

— Wakiongeza sauti kidogo, akaendelea Jaffar, wataona mpaka nia ya mtu.

— Basi wewe usiisogelee, mashine itaungua! akadakia Ngumbao.

Baraza nzima ikaangua kicheko. Kamaludin naye alicheka, na kifua kikampungua uzito. Hofu lakini haikuondoka.

— Na wakikuta kilango kibovu?

— Watajua pa kutengeneza, mzee wangu, akasema Ngumbao taratibu. — Kibaya ni kubahatisha.

Mara akapita Bi Mwanakhamis, mwalimu wa chuo cha Kurani, na buibui lake.

— Masalkheri.

— Akheri, Bi Mwanakhamis.

— Nimesikia mna mgonjwa. Wanawake wa chuoni kwangu watamwombea dua leo. Mtoto anaitwa nani?

Jaffar akachungulia kikombe chake. Jina la mjukuu wa kwanza hutolewa na babu, siku ya saba, na siku ya saba ilipita kitambo. Kamaludin alikuwa akiwaambia watu bado anafikiri. Uongo mtupu. Aliogopa kulizoea jina, kisha alizike.

— Athmani, akasema Kamaludin. — Jina la marehemu babangu.

— Mashallah. Mungu amweke.

Kamaludin akainuka, akatafuta viatu vyake.

— Wapi tena, kahawa bado ipo? akauliza Jaffar.

— Dukani, kabla ya magharibi. Nikamwambie Mwanakuu wamtazame Athmani.