Kuni Zisizo za Kupikia

“KUHUSU: Ombi la Kibali cha Kuwasha Moto wa Kuni Nje ya Makazi kwa Matumizi Yasiyo ya Upishi.”

Ndivyo walivyoniandikia, wanangu, na matumizi yenyewe ni mimi. Nilikwenda afisini kabla miguu haijanisusa, nikamweleza kijana wa kaunta kwamba sisi Wahindu maiti hatuiziki, tunaichoma, akapekua karatasi zake kwa adabu, akasema, “Mzee Keshavji, hapa kuna sehemu ya takataka na sehemu ya mkaa. Nikuweke wapi?” Nikamwambia aniweke kwenye mkaa, angalau mkaa una wenyewe.

Kadii, sogeza mto. Hapo. Galma, kaa, usisimame mlangoni kama mtu anayesubiri basi la Lamu. Sikilizeni vizuri, maana pumzi niliyo nayo haitoshi kurudia.

Dilip, mwanangu wa kumzaa, hatakuja. Si mtoto mbaya. Yuko Ulaya anangoja ruhusa ya kazini, na hata akifika Malindi, barabara imemezwa na maji. Alitaka nipelekwe Mombasa kwenye tanuri la umeme, mtu abonyeze kitufe, basi. Nimekataa. Nimezaliwa Garsen, nimeuza kanga na vikoi Garsen, na tangu mke wangu Rukmini afariki mimi ndiye Mhindu pekee mjini hapa. Msidhani upweke wangu ni wa chakula, kwa kuwa Kadii hujanilaza na njaa. Wala si wa maneno, kwa kuwa Galma una maneno ya kugawia kata nzima. Nimekosa mtu wa kubishana naye jambo moja tu. Mimi na mke wangu tulibishana ndoa nzima: mwanadamu huchagua, au Mungu humwendesha? Wapo walimu wetu wanaosema roho ni kama mtoto wa nyani, mama huruka lakini mtoto ndiye anayemkumbatia, akilegea ameanguka. Wengine wanasema ni kama mtoto wa paka, hana afanyalo, mama humbeba kwa ngozi ya shingo. Rukmini alishika upande wa nyani. Mimi nilishika wa paka, labda kwa uvivu. Sasa nabishana peke yangu nyuma ya meza ya duka, na nikishinda hakuna aliyeshindwa.

Nije kwenye ugomvi wenu, kwa sababu siwezi kuwaachia duka moja watu wawili wasiosalimiana. Mwaka ule wa ukame, Kadii, ulipanda mpunga katikati ya malka, njia ambayo ng'ombe wameteremkia mtoni tangu zamani za babu zenu. Nawe Galma uliuona mpunga, ukaona ng'ombe wana kiu, ukaacha kuwaswaga. Wakaula wote. Mkaja hapa mbele yangu, Galma ukasema, “Amri ya Mungu, Mzee. Nani ataizuia?” Na Kadii ukamrukia: “Mungu hana fimbo ya kuchungia, unayo wewe!” Nilicheka, nanyi mkaudhika, lakini mlikuwa mmegusa mafundisho ya wazee wangu bila kufundishwa. Wao hueleza hivi: Mungu ni kama maji ya mafuriko. Huingia kila shamba, hayabagui la huyu na la yule. Ila maji hayawezi kuotesha mahindi mahali palipopandwa mpunga. Mbegu ni matendo yetu, ya jana na ya maisha tuliyoishi kabla ya haya. Pasipo maji hapaoti kitu, na pasipo mbegu maji ni tope tu. Siku hizi, tena, maji yanafunguliwa kwenye mabwawa huko juu, na tangazo hutufikia tukiwa tayari juu ya paa, kwa hiyo naona hata Mungu ameajiri makarani. Basi Galma, usimsingizie Mungu fimbo uliyoiweka chini wewe; nawe Kadii, usiseme hukujua kwamba njia ni njia.

Duka ni lenu nusu kwa nusu. Cherehani ni ya Kadii. Kiwanja changu cha mtoni ni chenu wote wawili, na msikizungushie ua, malka ipite.

Sasa moto. Kwa mila yetu huwashwa na mwana. Kuni za mwembe kutoka kijiji cha Ngao ziko stoo, zimekauka. Galma, dini yako haikuruhusu, nami sitakutia majaribuni. Kadii, mchungaji wako wa kanisani atanuna mwezi mzima. Nilikuwa nimewatayarishia amri, maneno mazito, nimeyafuta. Mama alinifundisha kwamba Mungu wetu husema yote, akimaliza humwambia mtu: fikiri, kisha fanya upendavyo. Ikiwa mwenye uwezo wote haamuru, mimi muuza kanga nimwamuru nani? Anayetaka, awashe. Kama hakuna, nizikeni hapo kiwanjani mtoni, ardhi ya Garsen imenivumilia nikiwa juu yake. Ila msije mkasema baadaye Mungu ndiye aliyeamua. Kila mmoja aseme, “Nilitaka,” au, “Sikutaka.”

Maji kidogo... ahsante. Mungu awape... awape mikono ya kushika, na mtu wa kubishana naye hadi uzeeni. Msikose huyo. Sasa salimianeni, hapa, nikiwaona. Galma, mpe mkono... Karibuni zaidi. Siwaoni vizuri...

Mzee Keshavji alifariki Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Galma, bila kuombwa na mtu, alibeba kuni zote kutoka stoo hadi kiwanja cha mtoni, kisha akaenda kusimama mbali. Kadii aliwasha moto.