Kumuaga Mtaalamu wa Tatu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, wakuu wa idara, Mtaalamu wetu tunayekuaga, wafanyakazi wenzangu, na wewe mama yangu, niliyekuomba uje bila kukueleza sababu: heshima zenu nyote.

Nimeombwa niseme machache kwa kuwa mimi, fundi wa mitambo ya kompyuta, ndiye niliyefanya kazi na Mtaalamu kwa karibu zaidi. Ni kweli. Miaka mitatu meza zetu zimegusana, yake ikiwa chini ya kiyoyozi, yangu chini ya maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi hicho.

Huyu ni mgeni wa tatu kutoka nje niliyempokea, nikamfundisha, na sasa ninamuaga. Wa kwanza alilipwa mara nne ya mshahara wangu. Wa pili, mara sita. Huyu, mara tisa. Nani bado anadai kwamba kampuni yetu haikui?

Nisieleweke vibaya, mishahara hiyo haikuokotwa njiani. Kila mwaka huja mtafiti na daftari lake kupima ugumu wa maisha ya mgeni ili mshahara wake upandishwe: joto, foleni, umeme kukatika, bei ya jibini. Mwaka jana nilimfuata nikamweleza kwamba joto hilo nami nalisikia. Akanijibu kwa upole, "Dada, wewe huhusiki. Wewe umezoea." Ndipo nilipojua kuwa kuzoea ni upungufu wa kitaaluma.

Mtaalamu mwenyewe hana hatia. Wiki yake ya pili kazini mitambo ilizimika, wateja laki mbili wakakosa huduma, nami nikaiwasha. Aliandika ripoti, na katika ripoti akaeleza wazi ni nani aliyeiwasha. Bodi ikampongeza kwa unyenyekevu wake.

Mwezi uliopita aliniita, akafunga mlango, akaniwekea mezani barua yake ya mshahara. Alisubiri nimalize kuisoma. Kisha akasema, "Nimewaandikia wakuu kwamba kiti hiki wakupe wewe, kwa mshahara huu huu." Sikuwa nimewahi kulia kazini, lakini siku ile nililia.

Ndugu Mkurugenzi, nawe ulinijibu kiungwana. Ulisema naiweza kazi, ukasema nastahili, ila fungu la fedha za kiti kile ni la wageni, na mimi kwa bahati mbaya nimezaliwa hapa. Ukaniomba nijiandae kumpokea wa nne, anayefika Jumatatu. Ukaniasa kwamba mwenda pole hajikwai. Ni kweli, mkuu wangu. Nimekwenda pole miaka kumi na mmoja, sijajikwaa, na wala sijafika.

Basi nikafanya utafiti wangu mdogo, nikagundua kwamba hata mimi ni mgeni, mahali pote isipokuwa hapa. Kampuni moja ya nchi nyingine ilinihoji kwa dakika arobaini tu, ikanipa mara nane ya ninacholipwa, nyumba, na posho ya kuishi mbali na familia. Naondoka Jumapili. Mheshimiwa Mwenyekiti, naona umemgeukia Mkurugenzi. Mtaongea tu, namaliza sasa hivi.

Mama, sikutaka kwenda. Nilitaka kiti kile cha chini ya kiyoyozi, na jioni nirudi nyumbani tule pamoja. Nilishindwa kukuambia tukiwa wawili, nikaona bora nikuambie mbele ya watu, ambapo huwezi kunizuia. Inaniuma, mama yangu, na nisamehe.

Nilipokwisha kutia saini, niliwauliza waajiri wangu wapya ni nani atakayenionyesha mitambo yao nikifika. Wakanitoa wasiwasi: yupo dada mmoja, ana miaka kumi na miwili pale, kazi yote anaijua yeye. Nikauliza anaitwa nani. Wakatazamana. Wameahidi kunitumia jina lake wakilipata, nami hadi asubuhi ya leo bado nalisubiri.

Kwa hayo machache, nawashukuru kwa kunitegea sikio.