Hatua Hamsini za Korongo

Kijiwe cha kivukoni Ifakara kilikuwa mtumbwi uliopasuka, ukafudikizwa, ukawa benchi. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya vita vya Maji Maji. Wajerumani walikuwa wamelazimisha kila nyumba ilime kipande cha barabara ya kwenda Mahenge. Kipande hicho kiliitwa ngwe, na ngwe moja ni hatua hamsini. Asiyemaliza kabla jua halijatua alilazwa kifudifudi akala hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Wazee wa kijiwe walikuwa wamemaliza zamu yao jana, leo wanakunywa kahawa ya Mwinyi Buni, mtu wa pwani aliyekuja na msafara akanogewa na wali wa bondeni. Hapo ndipo Stefania alipotokea, vumbi hadi kwenye nyusi, hasira hadi kwenye unywele wa mwisho.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti Balbina — akaitikia Mzigo, mpagazi wa zamani ambaye shingo yake ilikuwa imedidimia kwa pembe za ndovu. — Mama kamaliza?

— Bado. Wenzake wa kule topeni wametoka saa sita mchana. Yeye yuko kule kwenye mwinuko mkavu, na Hilari anamwita mvivu mbele ya watu. Mama yangu mimi, mvivu. Hatua ni hamsini kwa hamsini, na aliyezipima ni Hilari huyo huyo. Mbona ngwe ya mama haiishi?

Hilari ndiye msimamizi. Kwa miguu yake mirefu kama ya ndege, kijiwe kilikuwa kimembatiza Korongo.

— Hilo dogo — akasema Mzigo. — Ngwe ya mama yako ilipimwa asubuhi, miguu haijachoka. Topeni alifika mwisho, miguu imekwisha. Ndiyo maana wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

— Hapo kujikwaa kumeingiaje, babu?

— Methali haiulizwi, binti.

Mwinyi Buni akatikisa buli.

— Siyo miguu, ni ardhi. Samaki mkunje angali mbichi. Ardhi mbichi hukunjika, ikikaushwa na jua hunyooka. Ile mipasuko ya kiangazi mnadhani nini? Imenyooshwa mpaka ikachanika.

Watu wakacheka. Ikabaki zamu ya Bwana Upondo, mvushaji, ambaye hakuachana na upondo wake, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, hata akiwa nchi kavu.

— Mimi nasema ardhi inamsukuma Korongo.

— Haya, kahawa imempanda — akasema Mzigo.

— Nikitaka mtumbwi uende mbele nasukuma nini? Nasukuma chini ya mto, tena kwa nyuma. Chini inanirudishia. Penye mchanga mgumu inarudisha yote, mtumbwi unachomoka. Penye tope upondo unazama, natoka jasho, nami niko pale pale. Tope halirudishi. Sasa mguu wa Korongo na upondo wangu vina tofauti gani?

— Yaani miaka yote nimebeba pembe hadi Kilosa, kumbe nilikuwa nabebwa na njia — akasema Mzigo, na kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Stefania hakucheka. Alikuwa akiyaona matope ya asubuhi, Hilari akichomoa mguu mmoja kwa mikono miwili, kihatua cha kuku. Akauona na mwinuko mkavu, Hilari huyo huyo akijitupa mbele kama anafukuza swala. Kote alihesabu hamsini.

— Babu, niazime upondo wako.

Kabla hajaushika, Hilari mwenyewe akafika kutaka kahawa.

— Wewe upo hapa, mama yako anabembeleza jembe?

— Shikamoo, Bwana Msimamizi. Nauliza tu. Mzungu aliandika hatua hamsini. Ni hatua za nani?

— Zangu.

— Zako za topeni au za mwinukoni?

Hilari akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Hatua ni hatua, binti.

— Basi tupime kwa mti huu. Hauna goti wala hauchoki, na hauzami ukilazwa juu ya tope. Ngwe zikilingana, nitalala kifudifudi mimi badala ya mama.

Mzigo akaacha kutafuna kashata. Hilari akatazama nyuso zile, akaona kwamba akikataa ataitwa jina baya kuliko Korongo.

— Twende.

Kijiwe kizima kikafuata. Bwana Upondo akaulaza mti, akatia alama kwa kisigino, akaulaza tena, na Stefania akahesabu kwa sauti. Ngwe ya topeni ya jirani yao Klementina, aliyesifiwa kwa kuwahi, ilitoka pondo nane. Wakapanda mwinukoni. Ngwe ya Balbina, pondo kumi na mbili. Hilari akataka irudiwe. Ikarudiwa, ikawa kumi na mbili.

— Na mama alipofikia je? — akauliza Stefania.

Wakapima mpaka kwenye jembe. Tisa.

Udongo wa mwinuko ule ulikuwa mgumu kama kigae, na mwanamke mmoja alikuwa ameuvunja pondo tisa, peke yake. Stefania akamtazama mama yake kwa fahari.

Balbina akainuka taratibu, mkono kiunoni.

— Mnapima nini?

— Uvivu wako, mama. Umetoka pondo tisa. Waliomaliza wamelima nane.

Balbina akautazama udongo alioulima, kisha akamgeukia msimamizi, bila hasira.

— Hilari mwanangu, hii moja iliyozidi, naipeleka wapi?

Mzigo akasaka methali, Mwinyi Buni akatazama ardhi. Balbina akaweka jembe begani, akamwita binti yake, Hilari akawapisha njia, wakaenda zao nyumbani, jua bado liko juu.